Asogee Kidogo

"Hilo si hamri," shangazi alisema. "Hilo ni donati."

Vijana walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Alichukua brashi kutoka kwa mchoraji, akachora pembe tatu juu ya lile duara, limefura katikati kama hamri linavyofura likiingia mafuta ya moto. Kisha akarudi kwenye karai lake.

Ukuta huo uko Kisauni, Mombasa, karibu na steji ya matatu. Tangu utoto wangu ulikuwa jaa na choo. Mtu aliandika "Usikojoe hapa" kwa mkaa, na watu wakayakojolea hayo maandishi. Mwaka 2018 lilipotoka agizo kwamba majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, huku kwetu hakuna aliyetukumbuka. Kwa hivyo vijana wa mtaa walipochanga pesa za rangi mwaka jana, hakuna aliyewaagiza wachore nini. Walichora wanachokula: mbaazi za tui, viazi karai na ukwaju wake, madafu, mabuyu mekundu.

Mimi nasomea shahada ya uzamili katika mipango miji. Nilihoji watu, nikapiga picha. Taka zilikoma kutupwa. Wasichana wakaanza kupita pale hata baada ya magharibi. Niliandika sura nzima nikaiita "Mafanikio", na msimamizi wangu akaisifu.

Miezi mitatu baadaye mwenye ukuta alikuja. Alipendezwa sana. Akasema kwa kuwa mahali sasa pamekuwa pazuri, akina mama wahamishe meko yao. Moshi na mafuta vitaharibu michoro.

Shangazi ameuza mahamri pale miaka 19. Huamka saa tisa usiku kukanda unga kwa tui na hiliki. Ada yangu ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye beseni lake. Alihamia nyuma ya gereji, kusikopita watu, na siku ya kwanza alirudi na nusu ya beseni. Tuliyala usiku kwa chai ya rangi, kimya.

Nilimwambia nitakwenda kuzungumza na yule bwana.

"Utamwambia nini, mwanangu? Ukuta si wake?"

Usiku huo nilifungua picha zangu kutafuta ushahidi kwamba shangazi alikuwa pale. Zilikuwa zaidi ya 40. Hayumo hata katika moja. Ndipo nikakumbuka: kila nilipoinua simu, nilimwomba asogee kidogo, ukuta uonekane vizuri. Naye alisogea, akicheka, kwa sababu ni mimi.

Sura ile ninaiandika upya. Juzi mgeni mmoja alisimama mbele ya ukuta akauliza mahamri yale yanauzwa wapi. Nikaacha nilichokuwa nikifanya, nikampeleka mwenyewe hadi nyuma ya gereji.