Upeo wa Dogo

Katika Football Manager, kasi ya kijana huandikwa kwa namba, 1 hadi 20. Upeo wake hufichwa, lakini umeshapangwa: hauzidi 200. Usiku nasajili vijana wa miaka 16 kutoka Brazil, nikijua kuwa jibu lipo humo ndani.

Mdogo wangu naye ana miaka 16. Jioni hucheza winga ya kushoto pale Nyamagana. Ameitwa majaribio Dar es Salaam, wiki ileile ya mtihani wa kidato cha nne. Mama ananiuliza mimi, mtu wa mpira: aende au abaki Mwanza?

Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk 2016, Aston Villa 2020. Njia yake tunaijua kwa sababu ameshaipita.

Nimemwambia mama, mtihani kwanza. Tangu jana dogo hanisemeshi.