Maudhi au Madhara? Stori za Usiku wa Kwanza Baada ya Chanjo

Manesi wa Bongo wana maneno yao matatu wanayoyapenda sana: maudhi madogo madogo. Ukienda kuanza uzazi wa mpango utaambiwa, ukichomwa sindano utaambiwa, ukibeba dozi ya nyumbani utaambiwa. Yanasemwa haraka haraka kwa sababu foleni ni ndefu, kisha anaitwa mwingine. Shida ni kwamba maneno hayo hayafiki mtaani yakiwa mazima. Yakitoka getini mwa zahanati yanageuka "madhara". Yakiingia kwenye grupu la WhatsApp yanageuka "vifo".

Mwaka 2021 vijana wengi wa mjini waliishi katikati ya maneno hayo mawili. Dozi 1,058,400 za Janssen zilitua Dar es Salaam mwishoni mwa Julai kupitia mpango wa COVAX, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera pale Ikulu. Lakini mpaka siku hiyo mitandao ilikuwa imeshachanja watu wake na kuwazika. Kulikuwa na voice note za "miaka miwili tu umeondoka", video za sumaku kunasa begani, na ile ishu ya nguvu za kiume iliyowafanya majamaa kibao wawe na ratiba ngumu ghafla kila walipoambiwa twende tukachanje.

Mdada mmoja wa Sinza, mpambaji wa maharusi, hakuwa na namna ya kukwepa. Alikuwa kapata kazi hotelini Doha, na aliyemtafutia kazi alimwambia wazi kuwa bila cheti cha chanjo hakuna tiketi. Akaenda kimya kimya. Mama hajui, mchumba hajui, na mashosti wa saluni ndiyo kabisa, maana wiki moja nyuma alikuwa anacheka nao zile video za sumaku. Akasaini fomu, akachomwa bega la kushoto, akakaa dakika 15 kwenye benchi kama walivyomwambia, akapewa kadi yake, akasepa. Nesi aliyasema yale maneno matatu. Mdada alikuwa anajibu meseji.

Mchana ukapita salama. Saa mbili usiku mkono ukaanza kuwa mzito. Saa tano kibaridi kikaingia, Dar hii hii ya joto, akavaa sweta na soksi. Saa saba kichwa kinagonga, mgongo unauma, magoti yanauma, yaani hadi kusuka nywele alijuta. Hapo sasa kila voice note aliyowahi kusikiliza ikaanza kujirudia kichwani. Kumwamsha mama hawezi, kwa sababu itabidi aseme alikokwenda. Kumpigia mchumba hawezi, kwa sababu hiyo hiyo. Saa tisa usiku akamtumia dada yake namba ya siri ya M-Pesa, pamoja na orodha ya anaowadai na wanaomdai. Hakuandika sababu.

Dada alipoiona meseji alfajiri hakumpigia mgonjwa. Alimpigia mama.

Mama akaingia chumbani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la binti yake, akanyamaza kidogo. Binti alishajiandaa kusemwa mpaka jioni.

"Umechanja lini?"

"Jana saa nne, mama."

"Basi tulia. Umekunywa maji?"

Akaletewa maji, uji na Panadol. Kisha mama akakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia kitu ambacho binti hakuwahi kukifikiria. "Wewe ulipochomwa ile sindano ya kwanza ya paja, kliniki, ulinikesha. Paja limevimba, mwili wa moto, kulia hadi jogoo anawika. Ila nesi alishaniambia, mama, huyu atasumbua usiku, usiogope. Kesho yake ukanyonya na kulala kama hujanitesa."

Sasa kinachovutia ni hiki. Mama huyo huyo ndiye aliyekuwa anaongoza kwa kuforward zile video kwenye grupu la ukoo. Kiganja chake kiliijua homa ya chanjo tangu alipokuwa mama kijana, ila simu yake ilikuwa imemwambia kwamba hii ni kitu kingine kabisa. Na hayuko peke yake. Karibu kila mtu aliyekulia Tanzania ana kakovu ka BCG mkononi, na kila mzazi aliyepeleka mtoto kliniki kwa sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anajua kwamba usiku wake hautakuwa wa kulala sana. Hakuna anayeuita usiku huo madhara. Wanauita usiku wa kliniki. Tofauti ni kwamba mama wa mtoto aliambiwa kabla na akasikiliza.

Na kinachotokea mwilini hakina uchawi. Janssen hutumia kirusi cha aina ya mafua kilichobadilishwa kisiweze kuzaliana, ambacho kazi yake ni kubeba maelekezo tu. Mwili unatengeneza kipande kidogo kinachofanana na ngozi ya nje ya kirusi cha korona, halafu askari wake wanakishtukia. Korona yenyewe haimo, kwa hiyo haiwezekani ukaambukizwa nayo kwa kuchanjwa. Askari hao wanapoitana wanamwaga kemikali, na kemikali zikifika kwenye ubongo joto linapandishwa. Kile kibaridi ni mwili unatafuta joto. Ule mkono mzito ni kwa sababu mkutano wenyewe umeanzia pale. Vijana wanasikia zaidi kuliko wazee kwa sababu kinga yao bado ina nguvu na papara. Kwenye majaribio makubwa ya Janssen karibu nusu ya waliochanjwa walisikia maumivu pale walipochomwa, na kama 38 kati ya 100 walipata kichwa au uchovu. Mengi ya hayo yaliisha ndani ya siku moja au mbili.

Mdada wa Sinza saa nane mchana alikuwa anakula ugali na dagaa. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kunawa mikono ni kubadilisha namba ya siri ya M-Pesa.

Kuna na wale wa upande wa pili, ambao hawakusikia chochote na bado wakakosa usingizi. Bodaboda mmoja wa Mbagala alichanja asubuhi, akaendesha mpaka usiku, akalala fofofo. Kesho yake kijiweni wenzake wanasimuliana homa, yeye hana cha kusimulia. Akajiridhisha kuwa kachomwa maji. Alirudi kituoni akiwa amevimba kwa hasira, akitaka arudiwe sindano, safari hii iwe ya kweli. Nesi alicheka, ila akamweleza: kukosa homa hakumaanishi chanjo haijafanya kazi. Kwenye majaribio hayo hayo wengi tu hawakuumwa kichwa wala kuchoka, na walikuwa wamechanjwa sawa na wenzao. Mwili wa mtu mwingine unafanya kazi bila kupiga kelele.

Halafu kuna jambo ambalo ukilisema kijiweni unaweza kupigwa. Januari 2022 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio kadhaa ya chanjo za korona, ambayo nusu ya watu huchomwa chanjo na wengine huchomwa sindano isiyo na dawa, bila kujua nani kapata ipi. Miongoni mwa waliochomwa sindano tupu, 35 kati ya 100 waliripoti kichwa, uchovu na mengine ya mwili mzima baada ya sindano ya kwanza. Sindano tupu! Hao hawakuwa waongo. Kichwa kiliuma kweli na uchovu ulikuwa wa kweli. Mtu akiingia chumbani kwa nesi akiwa na hofu, akilala usiku akijikagua kila dakika, kila kichomi atakisikia mara mbili. Na siku hiyo hiyo angeweza kuumwa kichwa kwa sababu ya foleni ya Ubungo tu, ila asingekipa jina.

Hapo ndipo stori inapoacha kuchekesha.

Fundi simu mmoja wa Kariakoo alichanja Jumamosi. Jumapili mkono uliuma, Jumatatu akarudi kibandani kwake yuko poa. Alhamisi homa ikampanda, kali, na baridi ya kutetemesha kitanda. Ijumaa ikashuka kidogo, usiku ikarudi na kutapika juu. Kwenye nyumba ile ya kupanga kila mtu alikuwa tayari na jibu. Wasioipenda chanjo walisema, si tulisema sisi. Walioipenda walisema, ni maudhi madogo madogo hayo, kunywa Panadol yatapita. Kambi mbili zinazogombana kila siku zilikubaliana kitu kimoja, kwamba ni chanjo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyempeleka popote. Yeye mwenyewe aliogopa kwenda hospitali, kwa kuwa alijua akionekana huko atakuwa mfano, picha yake itazunguka.

Aliyemuokoa ni mpenzi wake, na hakutumia elimu yoyote kubwa. Alihesabu siku tu. Akasema, mkono wako uliuma Jumapili ukapona, leo Jumamosi, homa ya juzi inahusiana nini na ule mkono? Halafu akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma jamaa alikuwa Ifakara msibani, analala nje kwenye turubai siku nne, bila chandarua, kwenye bonde la Kilombero ambalo mbu wake hawana utani. Wakachukua bajaji. Kipimo cha malaria kilichukua kama dakika 20. Malaria, na ilikuwa imeshaanza kumlegeza. Alilazwa, akatundikiwa dawa, akatoka siku ya nne akiwa amekonda ila mzima. Daktari aliwaambia kwamba wangesubiri siku mbili nyingine wangekuwa wanaongea mengine.

Mtaani lakini jamaa hakuwahi kupona malaria. Mpaka leo anatambulishwa kama yule aliyeangushwa na chanjo. Ameshaeleza mpaka amechoka. Siku hizi ukimuuliza anajibu "eeh" anaendelea na kioo chako.

Kujifanya kwamba chanjo haina shida yoyote kubwa ni uongo pia, na uongo huo ndio unaowapa nguvu wenye voice note. Tarehe 13 Aprili 2021 Marekani ilisimamisha Janssen kwa muda baada ya wanawake sita kupata damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokuwa zimetolewa. Siku kumi baadaye wakairuhusu tena, kwa onyo. Ni nadra sana, ila ipo, na ina sura yake: kichwa kikali kisichosikia dawa, kuona ukungu, tumbo kuuma sana, mguu kuvimba, kifua kubana au pumzi kukata, ndani ya wiki kama tatu baada ya sindano. Zile dakika 15 za benchi nazo zina sababu. Mzio mkali ukitokea, mara nyingi unatokea mapema, na pale pale dawa ipo. Anayeondoka kwa sababu ana mihadi anaiacha dawa nyuma yake. Na tukio likitokea linatakiwa kusemwa kituoni ili liandikwe na kufika TMDA, mamlaka inayofuatilia usalama wa dawa na chanjo nchini. Kulisimulia kwenye status peke yake hakumsaidii atakayechanjwa kesho.

Kwa hiyo hesabu ya yule mpenzi wa fundi simu ndiyo ya kushika. Homa inayoanza usiku ule au kesho yake na kuisha ndani ya siku mbili hivi: maji, uji, Panadol, pumzika. Homa inayokuja siku ya tano, au inayozidi badala ya kupungua, inahitaji kipimo, iwe umechanja au hujachanja. Na zile dalili kali hazisubiri hesabu, ni hospitali moja kwa moja.

Hesabu hiyo haikuisha na korona. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja ya chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na nyingi zinatolewa shuleni. Shangazi mmoja wa Temeke alimkalisha mtoto wa kaka yake usiku wa kabla. Akamwambia kula asubuhi usiende na njaa, ukichomwa kaa chini usisimame ghafla, mkono utauma, huenda ukapata homa kidogo, ukirudi niambie kila kitu hata kama ni kidogo. Mtoto alirudi jioni, mkono umemuuma, akaripoti kila kitu kwa kirefu pamoja na nani alilia darasani na nani alijifanya hajalia. Kisha akaomba asioshe vyombo. Shangazi akamkubalia kwa siku mbili, ya tatu akamrudisha jikoni.

Je, wewe usiku wako wa kwanza ulikuwaje, na nani alikuwa anajua?