Mpinzani Si Adui: Somo la Chama Kidogo



Katika insha ninazosahihisha hapa Wandegeya, maneno mawili huchanganywa mara kwa mara: mpinzani na adui. Adui hukutakia mabaya. Mpinzani hupinga hoja yako, na kesho mnaweza kuketi meza moja.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mtaa wetu uko chini ya kilima cha Makerere, na wakazi wake wanaijua harufu ya gesi ya kutoa machozi. Niliwahi kunyimwa chumba cha kufundishia masomo ya jioni kwa kuwa mada ya juma hilo ilikuwa vyama vya siasa. Mwenye chumba alinieleza kwa upole kwamba neno "upinzani" lingeweza kumletea matatizo. Sikumlaumu, maana ana watoto wa kulisha. Lakini neno likishaogopwa, maana yake nayo hupotea.

Basi tulitazame neno hilo kupitia chama kimoja kidogo cha Uganda, JEEMA. Masikioni mwa Mswahili jina hilo hukaribia "jema", lakini ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya haki, elimu, ufufuaji wa uchumi, maadili na umoja wa Afrika. Mwanzilishi wake, Muhammad Kibirige Mayanja, aligombea urais mwaka 1996, akapata takriban asilimia 2 ya kura. Wakati huo vyama havikuruhusiwa kusimamisha wagombea. Kila mtu alisimama kwa jina lake. Mwaka 2001 alirudi tena, akapata takriban asilimia 1.

Kura ya maoni ya Julai 2005 ilirudisha mfumo wa vyama vingi. Mwaka uliofuata, Hussein Kyanjo wa JEEMA alishinda kiti cha Makindye Magharibi, hapa Kampala. Baadaye chama kilibaki bila mbunge, hadi Julai 2018, Asuman Basalirwa aliposhinda katika Manispaa ya Bugiri, mashariki mwa nchi. Basalirwa amewahi kuwa rais wa wanafunzi wa Makerere.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kukipigia chama cha mbunge mmoja si kuipoteza kura?" Swali lake lina uzito. Kiongozi wa upinzani bungeni hutoka katika chama kikubwa zaidi cha upinzani. Ruzuku ya serikali kwa vyama nayo hutegemea idadi ya wabunge. Aliye nacho huongezewa, na mdogo hubaki mdogo.

Hata hivyo, Katiba inampa kila mbunge haki ya kuwasilisha muswada binafsi. Mwaka 2023 Basalirwa aliitumia haki hiyo kuwasilisha muswada dhidi ya ushoga, nao ukawa sheria. Wengi nchini waliipongeza. Watetezi wa haki za binadamu waliilaani vikali. Vyovyote uionavyo sheria hiyo, kiti kimoja kilitosha kuigusa nchi nzima. Kwa hiyo usikidharau chama kwa udogo wake, wala usikitukuze kwa sababu hiyo. Kipime kwa hoja zake na kwa maisha ya watu ambao sheria zake zitawafikia.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya chama kidogo ni kusikilizwa, kushindwa bila kupigwa, na kurudi uchaguzi ujao. Kibirige Mayanja alishindwa mara mbili, na chama chake hakikufa. Kura chache alizopata ziliandikwa na kuhesabiwa, zikawaonyesha wengine kwamba kuna raia wenye mawazo tofauti. Kura ya namna hiyo haikupotea.

Ushindani wa aina hiyo hauwezekani pale ambapo kila mpinzani anaitwa adui. Adui hufukuzwa, mpinzani hujibiwa. Nchi ikiyachanganya maneno hayo mawili, wanaoumia kwanza ni wale wasio na wengi wa kuwatetea.

Zoezi la juma hili: andika aya moja ukitumia maneno mpinzani, hoja na haki, juma ya mtu ambaye hukubaliani naye. Mtaje kwa heshima, kisha mjibu.