Mzigo wa Mwenzio

Waswahili husema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeubeba anajua uzito wake; anayeutazama huuona mwepesi. Methali hii aghalabu hutumika kumkanya mtu anayedharau taabu za wengine. Mimi nimeizingatia kwa namna nyingine tangu nilipopewa kazi ya kuisafirisha bunduki ya upepo kutoka Uingereza mpaka Scotland. Kifurushi kilichofungwa ni mzigo ambao hata anayeubeba haujui. Aliyeufunga peke yake ndiye anayeujua, naye amebaki nyuma.

Bunduki hiyo ilikuwa ya rafiki yangu, mtu wa Tanga aliyeishi Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila Jumamosi alikwenda kwenye klabu ya kulenga shabaha, na huko ndiko alikopata marafiki wake wengi. Alifariki mwaka 2018. Mjane wake, ambaye namwita shemeji naye huniita vivyo hivyo, aliikuta bunduki kabatini, nyuma ya makoti. Akanipigia simu.

"Shemeji," alisema, "kijana wangu wa Glasgow anaitaka hii bunduki ya babake, iwe kumbukumbu. Niitie kwenye boksi niipeleke posta?"

Nilimwomba asiiguse mpaka nifike.

Wengi wetu tukisikia bunduki ya upepo hufikiria kile chombo cha vijana wa shamba cha kuwindia njiwa. Ni kweli kwamba haina baruti. Lakini upepo uliobanwa nao una nguvu. Ziko aina tatu zinazojulikana sana. Ya kwanza ina springi: ukiikunja bunduki, springi hujibana, na ukivuta kifyatulio hujiachia kwa ghafla na kuisukuma hewa. Ya pili hutumia kichupa cha gesi ya kaboni dioksidi. Ya tatu, kama ile ya rafiki yangu, ina mtungi wa hewa chini ya mtutu, na hewa hiyo huweza kufika baa 200. Tairi la gari dogo lina baa mbili na ushei tu. Basi, ndugu msomaji, pima mwenyewe tofauti iliyopo.

Sheria nazo hazifanani hata ndani ya dola moja. Katika England na Wales, mtu mzima wa miaka 18 au zaidi anaweza kumiliki bunduki ya upepo bila leseni, mradi nguvu yake isizidi kama jouli 16. Scotland imedai cheti cha polisi tangu tarehe 31 Desemba 2016. Ireland ya Kaskazini hutaka cheti kwa bunduki yoyote inayozidi jouli moja. Kwa hiyo kitu kilichokuwa halali kabatini kwa shemeji kingekuwa kosa mara tu kikishafika mikononi mwa mwanawe, kwa kuwa hakuwa na cheti. Kijana hakulijua hilo. Wala mama yake hakulijua.

Kabla ya kufanya lolote nilikwenda kuuliza kwenye ofisi moja ya wasafirishaji wa vifurushi. Masharti yao yalikuwa yamebandikwa ukutani, na silaha zilikuwa miongoni mwa vitu visivyopokelewa. Nilipomweleza kijana wa kaunta, alitazama huku na huku, akaniinamia. "Mzee," akasema, "andika tu vifaa vya michezo. Nani atafungua?"

Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunisaidia. Hata hivyo, swali lake ndilo hasa lililonitia hofu. Nani atafungua? Pengine mkaguzi aliyeona umbo la mtutu kwenye mashine, naye angeita polisi, na polisi wangebisha hodi kwa kijana asiye na cheti. Pengine mfanyakazi wa ghala, baada ya boksi kuanguka na kupasuka. Pengine mtoto wa jirani, kwa kuwa vifurushi siku hizi huachwa mlangoni. Sheria ya huko humtaka mwenye bunduki ya upepo achukue hadhari isifikiwe na aliye chini ya miaka 18. Nani angechukua hadhari hiyo kizingitini? Uongo ulioandikwa juu ya boksi haumdanganyi karani peke yake. Humdanganya kila mtu atakayelishika njiani.

Nikaichukua bunduki ndani ya mfuko wake, mtutu ukielekea chini, bila kugusa kifyatulio, nikaipeleka kwa fundi mwenye kibali cha biashara ya silaha. Aliilaza juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, akafungua mahali pa kuingizia risasi, akamulika kwa tochi. Punje moja ya risasi ilikuwa ndani. Kipimo cha hewa nacho kilionyesha kuwa mtungi haukuwa mtupu.

Nilipompa shemeji habari hiyo, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wajukuu wangu hulala chumba kile." Hatukumlaumu marehemu; Mungu amrehemu. Yeye alikuwa mwangalifu, na yamkini siku ya mwisho maradhi yalimshika kabla hajamaliza kazi yake. Mikononi mwake bunduki ile ilikuwa na mwenye kuijua. Baada yake ilibaki bila mwenyewe.

Kisa hiki si kipya. Mwishoni mwa Agosti 1803, Meriwether Lewis alipokuwa akiianza safari yake maarufu ya kuvuka Amerika, alisimama karibu na Pittsburgh, akawaonyesha watu bunduki yake ya upepo. Aliifyatua mara saba kwa salama. Kisha bwana mmoja asiyeizoea akaishika, ikafyatuka, na risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 hivi, ikamchana panda la uso. Lewis mwenyewe aliliandika tukio hilo katika shajara yake. Mwanamke yule alipona. Bunduki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkono ulioishika. Na kusafirisha kifurushi ni nini, kama si kukipitisha kwenye mikono mingi isiyokizoea?

Fundi alinionyesha jinsi kazi inavyopaswa kufanywa. Kwanza aliitoa punje, akahakikisha kwa macho kwamba mtutu u mtupu. Pili aliitoa hewa kidogo kidogo kwa njia iliyoelezwa na mtengenezaji, maana kufungua parafujo za mtungi wenye hewa ni kujitafutia maafa. Bunduki ya springi nayo, alisema, haisafirishwi ikiwa imekunjwa tayari kufyatuka. Na vichupa vya gesi havichanganywi na bunduki, kwa sababu ndege zina masharti makali juu ya gesi iliyobanwa. Aliifungua darubini, akaifunga peke yake. Risasi alizitenga. Bunduki aliilaza ndani ya kasha gumu lenye sponji, kasha akalitia ndani ya boksi lisilo na picha wala maneno ya kumvutia mwizi, akalitikisa na kusikiliza. Hapakuwa na sauti. Ndani aliweka karatasi yenye jina la mpelekaji, jina la mpokeaji, na maelezo ya kilichomo.

Halafu alilituma kwa msafirishaji anayekubali mizigo ya aina hiyo, naye akaelezwa wazi ni kitu gani. Halikwenda nyumbani kwa kijana. Lilikwenda kwa mfanyabiashara mwenzake mwenye kibali mjini Glasgow, likakaa kwake miezi kadhaa mpaka kijana alipopata cheti chake, akaenda mwenyewe, akaonyesha cheti, akakabidhiwa. Gharama zilikuwa kubwa kuliko za posta, na shemeji aliguna kidogo alipolipa. Lakini alilipa.

Kwetu, mtu akikupa kitu ukifikishe tunakiita amana, nasi huzungumzia zaidi wajibu wa mchukuzi: asikifungue, asikipoteze, asikicheleweshe. Ni haki kusema hivyo. Ila naona tumeusahau wajibu wa anayetoa amana. Yeye naye ana deni kwa mchukuzi: amwambie kweli kuhusu anachombebesha, na amkabidhi kitu kisichoweza kumdhuru. Dereva wa usiku aliyelipeleka boksi lile Glasgow hanijui, nami simjui. Pengine alilitupa nyuma ya gari kama wanavyotupa yote. Hakupatwa na neno. Kwake, kwa hakika, lilikuwa kanda la usufi, na ndivyo ilivyompasa awe nalo.