Masinga: Nilienda Kuchukua Vidio, Nikaonyeshwa Shamba la Babu

Wasee, kama hujawahi kuzunguka Bwawa la Masinga kwa gari, anza kuweka pesa ya mafuta. Kutoka Thika unashika barabara ya Garissa, unapita Matuu, unanunua maembe, halafu joto linakwambia mwenyewe kwamba Nairobi umeiacha mbali. Ukitoka kwa barabara kuu ni migunga, mbuzi na vumbi. Kisha ghafla, maji. Mengi hadi unashtuka, kwa sababu pande zote ni nchi kavu. Ng'ambo ile ni Mbeere, Embu. Usijaribu kuogelea lakini. Kuna viboko na mamba.

Bwawa lilikamilika 1981 na limefunika kama kilomita 120 mraba. Ndilo kubwa kati ya yale matano ya Seven Forks kwenye Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Cha ajabu, stima yake yenyewe si nyingi, megawati 40 tu, na Gitaru ina 225. Kazi ya Masinga ni kama ya tangi la maji juu ya nyumba: linaweka maji ya mvua, kisha kiangazi linawaachilia wenzake huko chini.

Nilikuwa na mjomba wangu. Mimi nimeshika simu, natafuta engo poa. Yeye kimya. Halafu akanyoosha kidole katikati ya maji.

"Shamba la babu yako liko pale."

Nikadhani anatania.

"Nilikuwa darasa la tatu," akasema. "Mbuzi tulihama nao. Mihogo tukaiacha ardhini."

Nikamuuliza, "Anko, hili ziwa unalichukia?" Akacheka. Akasema samaki wake amekula sana, na watoto wake wamesomeshwa na samaki hao. Kinachomuuma ni kitu kingine, na jioni nikakiona mwenyewe. Nyaya kubwa za stima zinapita juu ya boma lake zikielekea mbali. Ndani tulikula kwa mwanga wa taa ya sola. Asubuhi maji yakaletwa na punda, kwa mitungi, na kila mtungi unalipiwa. Kutoka mlangoni ziwa unaliona.

Ile vidio nilikuwa nimeiandikia "paradiso iliyofichika." Nikafuta hayo maneno. Imefichika kwa nani, na watu wamekaa hapo miaka yote?

Bado nasema nendeni, jua likizama pale utasahau shida zako. Lakini nunua samaki kwa mvuvi mwenyewe, na ukikutana na mzee ufuoni, weka simu chini umuulize kulikuwa na nini hapo kabla ya maji.

Mimi ilinichukua miaka 22 kuuliza. Wewe je, unajua babu yako alilima wapi?