Sahani ya Antiokia

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa dini katika kanisa moja kisiwani Unguja, na kanuni za kanisa alizijua kama nahodha anavyoijua miamba iliyozama. Dada yangu alipopata mimba kabla ya ndoa, hakumpiga wala hakumtukana. Alimtengea sahani yake. Tangu siku ile dada akawa anakula jikoni peke yake, na haukupita mwezi akahamia kwa bibi mmoja jirani yetu, Muislamu, ambaye hakumuuliza kitu. Bibi yule ndiye aliyetamka, nami nikiwapo, neno lisilonitoka: "Baba yenu ana dini, mwanangu, lakini hana imani."

Nilikuwa na miaka 12. Sasa nimeshapindukia hamsini, na neno lile limenirudia nikifasiri kitabu cha maelezo ya Waraka kwa Wagalatia. Kiyunani changu nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi na taa ya chemli, hivyo mwendo wangu ni wa kobe. Lakini kobe huona mengi njiani. Nimeona kwamba ile kauli mashuhuri ya Paulo, kuwa mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa imani, chanzo chake ni ugomvi wa chakula. Kule Antiokia Kefa, yaani Petro, alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa. Walipofika wageni kutoka kwa Yakobo, akajitenga kwa hofu ya waliotahiriwa, na hata Barnaba akamfuata. Paulo akamkabili mbele ya wote. Sheria na imani ziligombana sahanini.

Nisidhaniwe kuwa naitweza Torati. Neno lenyewe kwa Kiebrania lina maana ya mafundisho. Ni wafasiri wa kale walioliita kwa Kiyunani nomos, neno lenye harufu ya baraza la hukumu. Paulo mwenyewe aifananisha na mtumwa aliyekuwa akimsindikiza mtoto kwa mwalimu. Baba, nadhani, alimpenda mno mtumwa yule, akasahau safari ilikuwa ya wapi.

Na imani je? Paulo amtoa shahidi nabii Habakuki, ambaye neno lake ni emuna, uthabiti wa mtu asiyekuacha njiani. Mzizi wake ndio uliotupa sisi, kwa njia ya Kiarabu, imani, amana na uaminifu. Ndio pia wa ile amina tunayoitikia. Waswahili tukaongeza letu. Tukisema fulani hana imani, aghalabu hatumaanishi kuwa amemkana Mungu. Twamaanisha hana huruma, moyo wake jiwe.

Luther alipolifasiri Agano Jipya, mwaka 1522, aliongeza katika Warumi 3:28 neno lenye maana ya "peke yake", ambalo Kiyunani hakina. Akashambuliwa, na mwaka 1530 akaandika waraka mzima kulitetea. Yakobo naye, katika 2:24, asema kinyume: si kwa imani peke yake. Wanazuoni wamechoka kuwapatanisha. Kwa Kiswahili cha bibi jirani wangeketi mkeka mmoja, kwani asiyemlisha mwenye njaa hana imani, wala hakuna cha kuongeza.

Mhariri wangu ataka nichague: imani ya kusadiki au imani ya huruma. Tanbihi, asema, humchosha msomaji. Sijamjibu.

Juzi nilimsomea dada rasimu yangu. Alikuwa akipepeta mchele, kimya, mpaka nilipomaliza habari ya Antiokia.

"Huyo Kefa," akauliza, "alirudi kula nao?"

Nikamwambia waraka hausemi.

"Baba alirudi," akasema. "Ule mwaka wake wa mwisho, wewe ukiwa bara. Alikuja mpaka kwa bibi, akaketi jikoni, akasema ana njaa. Nilikuwa nakula. Hakungoja nimpakulie, akanawa, akatia mkono katika sahani yangu."

Akaupuliza ungo, wishwa ukaruka.