Mgongo wangu haukutosha

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mlio kambini mnaosomewa haya na mtoto mwenye simu, leo sileti habari za vita. Nawaelezea habari ya mdogo wangu na Exetat.

Poliyo ilimkamata akiwa mdogo. Anatembea na magongo mawili, na mkono wa kuume hauna nguvu. Anaandika vizuri, lakini polepole. Tulipokimbia Masisi kuja Goma mwaka 2023, gongo moja lilivunjika njiani, baba akachonga lingine. Na juu ya mawe haya ya volkano, anayetembea na magongo ndiye anajua.

Siku ya disertasyo, sentre yake ilikuwa shule ya etaje, na chumba chake kiko juu. Nikambeba mgongoni. Wamama waliokuwa pale wakasema Mungu akubariki, na mimi nikajiona mtu mwema. Magongo tuliyaacha chini kwa mlinzi. Alipobanwa na haja, hakuweza kutoka. Akavumilia mpaka mwisho. Mkono ulipochoka akaomba dakika chache. Msimamizi akamjibu: saa ni moja kwa wote. Karatasi ikachukuliwa sentensi ikiwa katikati.

Kwa njia ya kurudi akaniambia: “Yaya, mimi sikukuomba mgongo. Nilikuomba chumba cha chini.”

Ni kweli. Alikuwa ameniambia wiki mbili mbele. Mimi, mtu wa mikro, ninayeuliza wakubwa maswali kila siku, nilimjibu tutapanga siku ile ile.

“Saa ni moja kwa wote” inaonekana haki. Lakini disertasyo inapima mawazo na Kifaransa, haipimi mbio ya vidole. Hakuna aliyeomba swali jepesi wala pointi za huruma. Kuna ambaye dakika za kuongeza zinamtosha. Mwingine anahitaji mtu wa kuandika anayotamka, neno kwa neno, msimamizi akiwa anaangalia. Na kuhamisha chumba kimoja toka juu kuja chini kunagharimu nini? Meza na kiti, basi. Session ordinaire ni siku nne. Mnataka mtoto abebwe siku nne?

Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalum za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Tena kuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kwa hiyo wazazi, musiende kwa prefe kama waombaji wa msaada. Muende mapema, wakati wa kuandikisha, na barua inayosema wazi mtoto anahitaji nini. Mubaki na kopi yenye sinyatire. Najua wengi wetu karatasi za hospitali zilibaki kule tulikokimbia. Muulize kituo cha afya kilicho karibu kama wanaweza kumpima mtoto na kuwaandikia nyingine.

Mwaka ule mdogo wangu hakupata diplome. Amejiandikisha tena. Barua ameiandika mwenyewe, kwa mkono ule ule, siku mbili nzima. Mimi nimebeba tu bahasha. Jana nimempigia prefe. Anasema barua imefika, chumba bado hakijajulikana. Kesho nitampigia tena.